Mwaka wa Majina Kumi na Mawili

Limi alinipigia simu Jumatano saa nne asubuhi, nikiwa ofisini Kahama napanga majalada ya likizo za watumishi. Hakutaja jina lake. Alisema tu, "Mama mdogo, mama ametutoka," nami nikajua anayeongea ni nani, ingawa mara ya mwisho kusikia sauti yake alikuwa mtoto wa darasa la pili aliyesoma silabi kwa kuzivuta kama wimbo. Sikumuuliza namba yangu aliipata wapi. Nilimuuliza maziko ni lini, akaniambia kesho, nikasema nakuja, halafu nikabaki na simu mkononi mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama naumwa. Kutoka Kahama mpaka kule machimboni alikoishi marehemu hata saa mbili za gari hazifiki. Kwa miaka ishirini na mitatu sikuwa nimekanyaga huko. Kila mwaka nilikuwa na sababu: mtoto mchanga, masomo, uhamisho, mvua. Mama Limi alipopeleka mtu kuniambia kwamba anaumwa miguu, nilituma kitenge na dawa ya kuchua, na nikajisifu kwa hilo.

Msibani nilikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, nimejifunga khanga, nikichambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa. Sikutaka kuinua uso. Lakini mtu akitazamwa hujua, na nilipoinua macho nikamwona Doto upande wa wanaume, kwenye benchi, mikono imewekwa juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe kabla ya wakati. Kulwa na Doto, mapacha. Kulwa ndiye aliyekuwa Mama Limi, aliyetangulia kuzaliwa, na sasa alikuwa ametangulia tena. Doto alisimama, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimpa pole, akaja akasimama mbele yangu.

"Karani," alisema. "Umefika."

"Nimefika, kaka Doto. Poleni sana."

"Asante," akasema, akarudi kwenye benchi lake. Wote pale waliniita Stazia, kama zamani. Yeye peke yake aliniita kwa kazi niliyokuwa nikiifanya mwaka ule.

Habari za wazazi wangu na za Ushirombo nilikozaliwa nitaziacha; hazihusiki, na wao hawana kosa. Itoshe kusema nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, cheti cha uhazili kutoka chuo kidogo cha Tabora, na ahadi ya kazi ya majaribio katika ofisi ya mtendaji wa kata moja ya machimbo. Kata hiyo sitaitaja. Baadhi ya watu wake bado wapo, na wengine wana watoto wanaohitaji kuishi. Nilishuka pale na sanduku la bati wakati vumbi la kiangazi limefunika kila kitu, na mtu wa kwanza niliyemuuliza chumba cha kupanga alinielekeza kwa mwanamke anayepika chakula karibu na mitambo ya kusagia mawe. Nilimkuta ameinamia sufuria. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba bila kugeuka, akasema, "Kula kwanza. Chumba hakikimbii."

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne chini ya bati moja. Kuta za ndani zilipanda mpaka usawa wa kichwa cha mtu mrefu, kisha zikaishia; juu yake palikuwa hewa tupu mpaka kwenye bati. Mtu akijigeuza kitandani chumba cha tatu, wa chumba cha kwanza anasikia kamba zikilia. Chumba changu kilikuwa na kitanda, kigoda, na dirisha la mbao lililotazama jikoni, kwa hiyo niliamka kila siku na moshi na harufu ya vitunguu. Mama Limi alikuwa mjane. Asubuhi na mchana aliwapikia wachimbaji wali na maharage. Jioni, kabla jua halijazama, alitupikia sisi wa nyumbani chakula cha kwao: ugali wa mtama kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa kwa karanga mpaka yakawa mazito. Au michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, tukaitafuna na maziwa mgando. Tulikula wanne, yeye, Limi, Doto na mimi, sahani moja kubwa ya ugali katikati. Nikichelewa kunyoosha mkono aliniambia kwa Kisukuma, "Lyaga, ng'wana wane," kula mwanangu, na siku za kwanza nilikula kwa aibu, baadaye nikala kama niliyezaliwa humo.

Doto alikuwa na pikipiki nyekundu ya kubebea mizigo. Alikuwa mcheshi, na alikuwa na mchumba kijiji cha jirani cha Segese, binti wa fundi cherehani, ambaye kila Jumapili alimpelekea kitu, hata kama ni nanasi moja. Mtu wa kumchukia Doto ungemtafuta kwa tochi. Nasema hivi kwa sababu baadaye nilijitahidi sana kumkumbuka kwa ubaya, nipate kupumua, na sikufanikiwa.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, kabati la chuma lisilofungika, na mashine ya kuchapia iliyokuwa ikiruka herufi ya "m". Mtendaji alikuwa Bwana Nkwabi, mtu wa kaunda suti iliyopigwa pasi, mwenye watoto wanne shuleni, aliyekwisha kuhamishwa mara tatu na aliyeogopa uhamisho wa nne kuliko ugonjwa. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kumwandika mbaya, lakini alinifundisha kazi kwa uvumilivu, na mama yangu alipougua alinipa ruhusa bila kuuliza maswali. Nilichapa barua za utambulisho, mashauri ya ng'ombe waliokula mahindi ya watu, makubaliano ya kuuziana viwanja. Ndipo redioni yakaanza maneno ya vita dhidi ya dawa za kulevya. Asubuhi, mchana na jioni: vita, papa na dagaa, hatutamwonea mtu haya. Kila kiongozi alitaka asikike ametamka neno kali kuliko jirani yake.

Na mimi niliamini. Hili lazima niliseme wazi, kwa sababu watu hudhani waliofanya mambo kama niliyofanya walikuwa na roho ngumu. Niliamini kwa moyo wote, kwa kuwa nilikuwa nimemwona Juma. Juma alikuwa kijana aliyetoka Maganzo, huko alikuwa akichekecha mchanga wa almasi, akaja kwetu kujaribu dhahabu. Alikula kwa Mama Limi kila mchana na kumtania Limi kwamba atamwoa. Wachimbaji walikuwa wakivuta bangi ili waweze kushuka mashimoni bila kuogopa, hilo lilijulikana. Lakini mwaka ule kulikuwa kumeingia unga mweupe, kete ndogo zilizofungwa kwenye nailoni, na waliouonja hawakurudi kwenye bangi. Asubuhi moja Juma alikutwa nyuma ya mitambo amelala kifudifudi, povu limekauka mdomoni. Alikuwa na umri wangu. Mama Limi ndiye aliyemfuta uso kabla watu wa kituo cha polisi hawajafika. Mchana ule alipika kama kawaida, ila aliweka chumvi mara mbili, na hakuna mchimbaji aliyelalamika.

Kwa hiyo barua ilipokuja kutoka wilayani, nilifurahi. Ilisema kila kata iwasilishe ndani ya siku kumi orodha ya wauzaji, wasambazaji na walimaji, majina yasipungue kumi na mawili. Nilimwuliza Mtendaji, "Na kama wako saba?"

Akaondoa miwani, akaifuta. "Wakiwa saba, mimi nitaonekana ninawaficha watano."

Idadi ilikuwa imefika kabla ya wahalifu. Sikuliona hilo siku ile. Niliona tu kwamba kazi yetu sasa ilikuwa na maana zaidi ya ng'ombe na viwanja.

Jumapili iliyofuata nilikuwa na homa. Sikuenda misani, nilijifunika blanketi nikalala kimya, na nyumbani wakadhani nimetoka. Baada ya chakula cha mchana Doto na dada yake waliingia chumba cha jirani. Nilimsikia Doto akiongea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, bila utani hata chembe. Alimwambia dada yake kwamba kwa miezi minne alikuwa akimbebea mizigo Bosi Karasha kutoka stendi ya Kahama. Huyo bosi, aliyepewa jina hilo kwa sababu alikuwa na mitambo mitatu ya kusagia mawe, ambayo wachimbaji huiita karasha, ndiye aliyejenga paa la ofisi yetu na ndiye aliyemdhamini diwani wakati wa kampeni. Alimwambia Doto kwamba kwenye mabegi mna zebaki ya kuoshea dhahabu. Siku moja zipu ya begi ilipasuka njiani, na ndani hamkuwa na zebaki. Doto alimalizia safari kwa kuogopa, akakabidhi begi, kisha akamwambia bosi atafute mtu mwingine. "Ameniambia nikifumbua mdomo, atakayeonekana mwenye mzigo ni mimi," Doto alisema. "Na Juma je, Kulwa? Lile begi nililileta mimi wiki moja kabla."

Kisha Mama Limi akasema, "Umeacha?"

"Nimeacha."

"Basi nyamaza. Usimwambie hata mchumba wako. Wakubwa wakigombana na unga wao, wewe utasagwa katikati."

Nililala pale nikitokwa jasho, na sitasema kwamba lilikuwa la homa tu. Nilijiambia: hili ndilo lililokosekana. Sasa papa wamepata mtu wa kuwavua. Jumatatu, homa bado haijaisha, niliingia ofisini, nikasimama mbele ya meza ya Mtendaji, nikamweleza kila neno. Nilimwambia Doto alilisema kwa majuto, kwamba ameshaacha, kwamba akihakikishiwa usalama atatoa ushahidi. Bwana Nkwabi alinyanyuka akafunga dirisha. Akaandika kwa kalamu yake mwenyewe, polepole. Alipomaliza aliniambia, "Stazia, serikali inahitaji vijana kama wewe," na mimi nikatoka pale nikiwa nimenyooka mgongo. Jioni nilikula michembe mingi kuliko siku zote. Doto alinitania kwamba homa yangu ilikuwa ya uongo.

Orodha ya kwanza niliichapa Jumanne. Jina la kwanza lilikuwa la Bosi Karasha, jina lake kamili la ubatizo, na chini ya safu ya maelezo tuliandika kwamba yuko kijana aliyewahi kumbebea mizigo na yuko tayari kuhojiwa. Yakafuata majina mengine saba, ya watu ambao kila mtu aliwajua. Tulikuwa bado na pengo la wanne. Jumatano asubuhi diwani alikuja, na gari alilokuja nalo lilikuwa la Bosi Karasha. Niliambiwa nikanunue karatasi Segese. Karatasi zilikuwepo kabatini, lakini nilikwenda. Niliporudi, gari lilikuwa limeondoka na juu ya mashine yangu palikuwa na orodha mpya kwa mwandiko wa Mtendaji. Bosi Karasha hakuwemo. Wa kwanza sasa alikuwa Doto, na mbele ya jina lake maneno mawili: msambazaji mkuu. Pengo nalo lilikuwa limezibwa. Alikuwemo bibi mmoja aliyekuwa na miche michache ya bangi nyuma ya zizi, aliyowachemshia ng'ombe waliokohoa. Alikuwemo bubu aliyefagia gulioni, ambaye kosa lake nadhani lilikuwa kwamba asingeweza kubisha.

Nikasema, "Mtendaji, huyu Doto ndiye aliyesema habari za..."

"Doto hakusema kitu kwangu," akanikatiza, bila ukali. "Wewe ndiye uliyesema. Na ulisema alibeba. Je, hakubeba?"

"Alibeba, lakini..."

"Basi hatujaandika uongo." Alikuwa akitazama nje, mahali gari lilipokuwa limesimama. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, karibu ya kunibembeleza, "Mwanangu, uko kwenye majaribio. Na mimi nina watoto wanne. Chapa."

Nilichapa. Nakala nne, na karatasi nyeusi za kaboni katikati. Nilikuwa mchapaji mzuri. Katika ukurasa ule hakuna kosa hata moja, hata ile herufi inayoruka niliirudia kwa mkono. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa kusema kwamba nisingechapa mimi angechapa mwingine, au angeandika mwenyewe kwa kalamu, na hayo ni kweli. Lakini orodha ilipelekwa wilayani Jumatano mchana, na mkutano ulikuwa Ijumaa. Katikati palikuwa na jioni ya Jumatano, na Alhamisi nzima. Jumatano tulikula ugali kwa dagaa. Doto alikaa kulia kwangu. Alhamisi alinisaidia kuteka maji, akanieleza kwamba mwezi ujao atapeleka barua ya posa, akaniuliza kama ningeweza kuichapa kwa mashine ili baba mkwe ajue kuwa anashughulika na watu wenye heshima. Nikamwambia nitaichapa. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani, tangi limejaa. Neno moja tu, "Ondoka," lingetosha. Kwa jioni ile angekuwa Mwanza, au popote. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni, na nikalitafuna pamoja na ugali. Niliogopa kwamba nikimwambia, ataniuliza nimejuaje.

Ijumaa watu walijaa uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Kiongozi kutoka wilayani alikuja na magari matatu na waandishi wawili wa habari. Chini ya turubai, meza kuu, Bosi Karasha alikaa viti viwili kutoka kwa mgeni rasmi, kwa kuwa ndiye aliyetoa turubai na vipaza sauti. Mimi nilikaa nyuma yao na faili magotini. Mgeni alihutubia vizuri. Alitaja Juma, bila jina, "kijana wetu aliyepotea hapa hapa," na nikaona wanawake wakifuta machozi. Kisha akanyoosha mkono, Mtendaji akamkabidhi karatasi yangu.

Aliposoma jina la kwanza, watu hawakupiga kelele. Waligeuka tu. Doto alikuwa amesimama karibu na goli, amembeba Limi mabegani ili aone. Alimshusha mtoto taratibu, akaangalia nyuma yake kama kwamba kuna Doto mwingine. Askari wawili walikuwa wamekwisha kumfikia. Mama Limi alisimama kutoka kwenye nyasi na mwiko wa kupikia bado mkononi, akasema kwa sauti iliyofika meza kuu, "Huyo ni wangu. Mnamchukua kwa neno la nani?" Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kufika jina la tatu. Bosi Karasha alikuwa akipiga makofi polepole, kwa adabu. Bubu walimpandisha garini akicheka, kwa sababu alikuwa hajawahi kupanda gari.

Niliendelea kuishi katika nyumba ile miezi mitano zaidi. Sijui kwa nini sikuhama. Labda nilidhani kuhama ni kukiri. Kila wiki ya pili Mama Limi alisafiri mpaka mahabusu ya Shinyanga na kikapu cha chakula, akarudi jioni na kikapu kitupu, akapika. Aliniwekea sehemu yangu kama zamani, nyama ikiwepo alinisogezea ya kwangu. Limi alimuuliza kila siku mjomba atarudi lini. Barua yangu ya ajira ya kudumu ilikuja mwezi wa tano baada ya mkutano. Niliificha chini ya godoro kwa wiki nzima, halafu nikamwonyesha, kwa kuwa ilinibidi nimwambie nahamishiwa Kahama. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu alikuwa na unga mikononi. Hakujua kusoma. Aliitazama, akanirudishia.

"Hongera," alisema. Kisha akaendelea kukanda. Baada ya muda akasema, kama anayezungumza habari za nyumba, "Kila mwaka nilimwambia fundi apandishe kuta hizi mpaka kwenye bati. Kila mwaka. Nikaona wapangaji wangu ni watoto tu, kuna haja gani."

Nilisimama mlangoni na barua mkononi. Hakuniangalia. Jioni ile alinipakulia, nikala, na asubuhi nikaondoka.

Doto alikaa ndani miaka miwili na miezi kadhaa. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa, mpaka hakimu mmoja akasema hakuna ushahidi wa kumfanya ajibu lolote. Alitoka na kifua kibovu. Binti wa Segese alikuwa na mume na mtoto. Yule bibi wa ng'ombe alifia mahabusu. Bubu alirudi, ila hakufagia tena gulioni. Alijificha kila alipoona gari. Unga haukukoma hata mwezi mmoja. Haya niliyasikia Kahama kwa vipande vipande, kutoka kwa watu waliokuja ofisini kwa shughuli zao, nami niliuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. Bosi Karasha alijenga maduka mjini. Nilikutana naye kwenye harusi moja, akanyoosha mkono, nami nikainama nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, mwanangu. Usiku na mchana wa miaka hii, nikisikia sauti ya mtu akitafuna chumba cha pili, hunyanyuka nikaenda kuangalia.

Siku ya tatu ya matanga, watu wengi walipokwisha kuondoka, Doto alinikuta naosha sufuria nyuma ya jiko. Akavuta kigoda akakaa. Nilianza kusema, akainua mkono.

"Kulwa alijua tangu Ijumaa ile," alisema. "Alinieleza nilipotoka. Nilitaka kuja Kahama, sikufichi, nilitaka kuja kukufanyia kitu. Akanizuia. Akasema: Stazia hatakuja nikiwa hai. Nikifa atakuja, umsubiri. Namba yako aliiweka kwenye kopo la chumvi, akamwonyesha Limi."

Nililia. Aliningoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue ili aendelee na safari.

"Sihitaji ulie, Karani. Nina binti. Ameomba kazi ya ulinzi wa taifa, amefaulu mbio, amefaulu mtihani. Wakaja kuuliza habari zake kwenye kata. Wakakuta jalada: baba yake, msambazaji mkuu. Mahakama iliniachia, lakini jalada halikuwahi kuambiwa. Nataka twende ofisini Jumatatu. Useme."

Nilifikiri mambo ambayo sina budi kuyaandika. Nilifikiri kwamba nimebakiza miaka kumi nistaafu mapema kama nilivyopanga. Nilifikiri kwamba mtumishi anayekiri kuchapa hati aliyojua si ya kweli ataulizwa ameficha nini kingine. Nilifikiri Bwana Nkwabi amekufa na hawezi kuniunga mkono wala kunikana. Doto alikuwa akiniangalia nikifikiri. Nikamwambia, "Jumatatu."

Ofisi ya sasa ni jengo jipya, na mtendaji ni dada kijana mwenye kompyuta. Watu watano walikuwa kwenye benchi wakisubiri. Alitusikiliza, akasema hana mamlaka ya kufuta kitu, lakini anaweza kupokea maelezo ya maandishi na kuyapeleka wilayani, hawezi kuahidi. Akanipa karatasi. Niliandika kwa mkono: kwamba nilisikia mazungumzo ya watu wa nyumba niliyopanga, kwamba niliyapeleka kwa mkuu wangu, kwamba jina la mhusika mkuu liliondolewa na la aliyefichua likawekwa mahali pake, kwamba mimi nilijua na nikachapa. Nikaweka jina langu kamili na namba yangu ya utumishi. Doto aliniomba nimsomee kwa sauti. Nikasoma, na waliokuwa kwenye benchi waliacha kuongea.

Nilipomaliza, alitikisa kichwa.

"Umeruka," alisema.

"Nimeruka nini?"

"Jumatano na Alhamisi. Tulikula pamoja."

Yule dada alituangalia mmoja baada ya mwingine, hakuelewa. Nikaichukua karatasi. Palikuwa na nafasi ya mistari michache juu ya sahihi yangu. Nikaandika kwamba tangu kuchapa mpaka kukamatwa zilipita siku mbili, kwamba katika siku hizo nilikula naye sahani moja mara mbili, kwamba pikipiki yake ilikuwa na mafuta, na kwamba sikumwambia. Nikamsomea na hayo. Akasema, "Sasa imetimia," akatoka nje kukohoa.

Maelezo yalikwenda wilayani. Binti yake bado hajajibiwa. Mimi nimeitwa mara moja kazini kujieleza, mbele ya watu watatu, nao wakaniuliza kama kuna mtu aliyenilazimisha kuandika maelezo yale. Nikawaambia hapana, nikawasomea yote, pamoja na zile siku mbili.